Kipando cha Jamaa na Nyumba ya Safarini

Katika neema ambazo Mola wetu Mtukufu ametukumbusha ndani ya Suratun Nahl, imo moja ambayo wasomaji wengi huipita upesi, nayo ni ile ya aya ya 80: kwamba Yeye ndiye aliyewajaalia watu majumba yao yakawa mahali pa utulivu, kisha akawajaalia kutokana na ngozi za wanyama nyumba za namna nyingine, nyepesi kuchukulika siku ya kuhama na siku ya kutua. Mwarabu wa jangwani aliyasikia maneno hayo akalitazama hema lake. Sisi wa milima ya Usambara, tusio na jangwa wala hema, twaweza kuyasikia tukalitazama gari. Kwani wako watu wengi duniani wanaochukua gari la mizigo, wakalitia kitanda, maji, jiko na taa, wakasafiri nalo na kulala ndani yake. Na jambo hili, ambalo wengi hudhani kuwa ni la watalii tu, limeingia hata katika nyumba yetu. Ndiyo sababu ya kuandika maneno haya, ili jamaa na vijana wanaofikiri kununua gari kwa shughuli kama hiyo wapate la kuzingatia kabla ya kutoa fedha zao.

Swali ambalo kila mtu huanza nalo ni hili: Gari gani lililo bora? Nasi twasema kwamba swali hilo haki yake ni kuja la tatu. La kwanza ni: Nani atakayepanda? La pili ni: Njia gani itakayopitwa? Mwenye kuyajibu haya mawili kwa ukweli, la tatu hujibika karibu lenyewe. Na mwenye kulitanguliza la tatu, huishia kununua gari la jirani yake, au gari la picha aliyoiona, kisha akatafuta watu wa kulipanda na njia ya kulipitisha.

Kwetu sisi aliyepasa kuhesabiwa kwanza alikuwa mama yetu mzazi. Yeye hukaa Mtae, ukingoni mwa milima, mahali ambapo mtu husimama penye kilele akaitazama nyika ya Mkomazi imelala chini kama mkeka. Umri wake umepita miaka 80. Magoti yamemchoka, na hawezi kukaa kitako tangu alfajiri hata jioni ndani ya basi. Yampasa alale kidogo kila baada ya muda, na haja humjia mara kwa mara, naye huona haya kumwambia kondakta asimamishe gari kwa ajili yake mbele ya watu. Nduguye wa tumbo moja, aliye mdogo kwake, aliolewa Pangani zamani, na huko ndiko alikozeekea na kuugua. Miaka ilikuwa imepita hawajaonana. Walizungumza kwa simu kila Ijumaa. Lakini simu huleta sauti tu, haileti mkono wa kushikwa. Mama alikuwa akituambia, "Wanangu, mimi sitaki kupelekwa kumwona akiwa amekwisha funikwa sanda." Maneno hayo yalikuwa mazito juu yetu, kwani sote twajua jinsi dini yetu ilivyosisitiza kuunga udugu, na jinsi ilivyoonya juu ya kuukata.

Basi jamaa tukakutana Lushoto tushauriane. Vijana wetu wanaofanya kazi Dar es Salaam walikuja na picha za magari makubwa ya Ulaya, Mercedes Sprinter na Ford Transit, ambayo mtu mzima husimama ndani yake wima, na ndani yamewekwa bafu, jokofu na meza. Hatukuwadharau, kwani walisema jambo lenye asili. Kazi ya kugeuza gari kuwa nyumba si mpya: Wajerumani walipoanza kutengeneza basi dogo la Volkswagen mwaka 1950, haukupita muda ila kampuni ya Westfalia, mwaka 1951, ilianza kulitengenezea vitanda na makabati ya kusafiria, na tangu hapo kazi hiyo imeenea nchi nyingi. Hata hapa kwetu, mafundi wa Arusha wamezoea kuyakata na kuyarefusha magari ya Land Cruiser kwa ajili ya watalii wa mbugani. Kwa hiyo ustadi upo, wala hakuna bidaa ndani yake.

Lakini baba yetu mdogo, baada ya kuzitazama zile picha moja moja, aliwakumbusha vijana hadithi iliyomo katika Sahihi ya Muslim, ambayo Mtume, rehema na amani zimshukie, alitaja ndani yake kitanda cha mume, na cha mkewe, na cha tatu cha mgeni, kisha cha nne akakihesabu kuwa ni cha shetani. Kijana mmoja akasema kwa adabu, "Baba mdogo, sisi hatutafuti fahari, twatafuta nafasi ili bibi astarehe." Naye akamjibu, "Mwanangu, nafasi ni neema, na kipando chenye raha ni katika saada ya mtu. Lakini nendeni kwanza mkazipime kona za Soni, kisha mje mniambie nafasi hiyo itapita wapi." Akanyamaza. Na kwa neno hilo shauri letu likatoka katika swali la kwanza likaingia katika la pili, yaani njia.

Msomaji asiyeijua nchi yetu na afahamu kwamba mji wa Lushoto uko juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na Mombo, iliyo penye barabara kuu ya kwenda Arusha, iko chini katika bonde la joto. Baina ya miji hiyo miwili ni zaidi ya kilomita 30 za lami nyembamba, iliyochongwa ubavuni mwa jabali, na mto unasikika chini yake. Kila kona huficha kona nyingine. Malori ya kabeji, viazi, karoti na matunda hushuka kwa uzito wake wote, na mabasi hupanda yakipiga honi. Masika inapozidi, mawe na udongo huporomoka njiani. Na huo ndio upande mzuri wa safari. Kwani kutoka Lushoto kwenda Magamba, Lukozi na hata Mtae, njia huendelea kupanda na kushuka, na palipo na udongo mwekundu, mvua ikinyesha huteleza kama sabuni.

Kwa njia kama hiyo, mapana ya gari si jambo dogo. Tulichukua kipimo, tukaandika. Toyota Hiace ya kawaida ya umbo lililoanza kutengenezwa mwaka 2004 ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Ndugu yake iliyo ndefu, yenye paa la juu, ina urefu wa 5,380, upana wa 1,880 na kimo cha 2,285. Yale magari ya Ulaya hupita hapo: hukaribia mita 2 kwa upana bila ya kuhesabu vioo, na yaliyo marefu huzidi mita 6. Upande wa pili tulikipima kile kigari kidogo cha Suzuki ambacho watu hukiita kirikuu, chenye urefu wa 3,395 na upana wa 1,475 tu. Nacho hupita popote, lakini injini yake ya sentimita za ujazo 660 ingekuwa ni dhuluma kuipandisha mlimani na watu watano na vitanda vyao. Gari kubwa mno hushindwa na njia, na dogo mno hushindwa na mzigo. Na dini yetu ni ya wastani, kama alivyowasifu Mwenyezi Mungu katika Suratul Furqan waja wake ambao wakitoa hawafuji wala hawafanyi choyo, bali huwa katikati.

Kulikuwa na waliosema tununue Noah, kwa kuwa milimani kwetu gari hilo limejaa, na kila dereva alijua. Hoja yao ni nzuri, lakini ina jambo ndani yake ambalo yafaa kijana mwenye kununua alifahamu. Noah za zamani, zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2001, huzungushwa na magurudumu ya nyuma. Na zilizofuata huzungushwa na ya mbele, isipokuwa zile zenye kuzungusha yote manne. Sasa gari lipandapo mlima likiwa na mzigo, uzito wake hurudi nyuma, na magurudumu ya mbele huwa mepesi. Yakiwa hayo mepesi ndiyo yanayovuta, basi penye tope huzunguka bure pale pale. Mwenye kupanda Noah tupu mjini hatalijua hilo. Mwenye kuitia kitanda, maji na mizigo upande wa nyuma, kisha akaipandisha Mtae wakati wa vuli, atalijua kwa jasho lake. Hiace husukumwa na magurudumu ya nyuma, ambayo mzigo huyakandamiza, na ziko pia zenye kuzungusha yote manne kwa anayekaa mahali pa tope zaidi kuliko sisi.

Hata hivyo, jambo la kuogopwa zaidi milimani ni kushuka. Gari lililogeuzwa kuwa nyumba haliwi jepesi tena. Kila siku hubeba mzigo wake, hata lisipokuwa na abiria. Dereva akishuka Soni kwenda Mombo na mguu wake juu ya breki muda wote, breki hupata moto, na mafuta yake, yakiwa ya zamani yaliyokwisha nywa maji ya hewani, huchemka, na pedeli huzama isishike kitu. Kwa hiyo tulitaka gari lenye gia za mkono, ambalo dereva huliweka katika gia ndogo na injini ikalizuia. Tukaweka nadhiri ya kubadili mafuta ya breki kila baada ya miaka miwili, ijapokuwa gari halina ugonjwa. Wako wanaosema, "Tumemtegemea Mungu," nao matairi yao yamekwisha kuwa kipara. Hawa wasome ile hadithi iliyopokewa na Tirmidhi ya mtu na ngamia wake: aliamrishwa amfunge kwanza, kisha ndipo ategemee.

Katika habari ya injini, tulimwendea fundi mmoja mtu mzima wa Korogwe, ambaye hatuna sababu ya kumtilia shaka, kwani hakuwa na gari la kutuuzia. Alituambia, "Wazee wangu, msinunue gari ambalo mimi nitalazimika kujifunza kwenu." Akaeleza kwamba injini ya dizeli ina nguvu ya kupanda taratibu na hula mafuta kidogo, lakini dizeli za kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo kubwa, nazo haziyavumilii mafuta machafu, na zile mpya zaidi zina chujio la moshi ambalo huziba likitumika kwa safari fupi fupi. Petroli ni nyepesi kutengenezwa, lakini hula zaidi mlimani. Kisha akauliza swali ambalo laonekana dogo, nalo ndilo kubwa: "Likiharibika Jumapili jioni Lukozi, kifaa chake kitatoka wapi?" Vifaa vya Hiace hupatikana Korogwe, Tanga, na hata katika maduka madogo ya Lushoto, kwa kuwa daladala nyingi za nchi hii ni za namna hiyo. Vifaa vya magari ya Ulaya aghlabu huagizwa kutoka mbali, na mgonjwa au mzee aliye ndani ya gari hawezi kungoja.

Lipo pia neno hili "jipya," ambalo kwa watu wetu lina maana mbili. Gari jipya kwa tajiri ni lile lililotoka kiwandani lisiguswe na mtu. Gari jipya kwa wengi wetu ni lile lililotumika Japani miaka kadhaa, likateremshwa bandarini Dar es Salaam, halijapata namba ya hapa. Sisi tulinunua la namna ya pili, na hapo ndipo pana hadhari kubwa. Muuzaji mmoja alituonyesha gari liking'aa kama sahani, kipimo chake cha mwendo kikisoma kilomita chache ajabu. Lakini pedeli zake zilikuwa zimelika hata chuma kikaonekana, na ngozi ya usukani imekuwa laini kama kitambaa. Tukamwomba karatasi ya mnada wa Japani, ambayo huandikwa hali ya gari na umbali lililokwenda, akasema imepotea. Tukamwaga kwa salamu. Na mwingine alikuwa na gari zuri juu, lakini tulipolala chini yake na tochi, tuliikuta kutu imekula chesesi, kama ilivyo kwa magari mengi yaliyotumika kaskazini ya Japani, ambako chumvi humwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Ewe kijana unayetaka kununua, usione haya kuchafua kanzu. Lala chini utazame. Rangi hupakwa kwa siku moja, lakini chuma kilichooza hakirudi, khasa katika gari utakalolitoboa sakafu na kulifunga vitanda.

Ama fedha, tunataka kusema kwa wazi. Tulishauriwa tukope tulipe kwa riba, ili tupate gari kubwa zaidi upesi. Tukaona kwamba haifai kuunga udugu kwa jambo lililoharamishwa. Itakuwa ni kumfulia mtu nguo kwa maji ya najisi. Kwa asiye na fedha taslimu, njia za halali zipo siku hizi: Benki ya Amana, iliyofunguliwa nchini mwetu mwaka 2011, huendeshwa kwa sharia ya Kiislamu, na iko biashara ya murabaha, ambayo benki hukinunua kitu chenyewe kisha humwuzia mteja kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, bila ya kuongezeka kwa kuchelewa. Sisi tulichanga, ndugu watano, kila mtu kwa uwezo wake. Na kwa kuwa Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika aya ya 282 ya Suratul Baqara kuandika mambo ya deni na kuweka mashahidi, tuliandika: nani ametoa nini, nani mwenye fungu gani, nani atakayelipa bima na matairi, na itakuwaje mmoja wetu akifa. Wako ndugu waliopendana miaka 30, wakaja kugombana juu ya gari moja lililoachwa na marehemu. Karatasi ile haikutugharimu ila wino.

Baada ya kupata gari, tuliketi tukahesabu mzigo kabla ya kumwita seremala. Watu watano ni kiasi cha kilo 325. Maji lita 60 ni kilo 60, kwani kila lita moja ni kilo moja. Mbao za vitanda, makabati na magodoro kilo 150. Betri ya taa kilo 30. Mtungi wa gesi, jiko na vyombo kilo 40. Nguo na zawadi kilo 60. Tairi la akiba na zana kilo 30. Jumla ilikuwa kilo 695. Magari mengi ya mizigo ya namna hii huandikwa kubeba kiasi cha tani 1, basi tukabaki na nafasi ya usalama. Lau tungeongeza bafu na jokofu na maji ya kuoga ya kila mtu, nafasi hiyo ingekwisha. Na katika maji tulipata funzo: imepokewa katika Sahihi mbili kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja tu, nayo haifiki lita 1. Sisi tunaofungua bomba likatiririka hata tumalize kutawadha, tulishangaa kuona madumu matatu ya lita 20 yakitutosha, kunywa, kupika na kutawadha, kwa siku mbili.

Vitu vizito vyote tuliviweka chini, karibu na katikati, upande wa kulia sawa na wa kushoto. Juu ya paa hatukuweka kitu, kwani mzigo wa juu huliyumbisha gari katika kona. Ndani mna urefu wa kama mita 3 nyuma ya viti vya mbele, lakini upana hautoshi mtu mzima kulala kwa kukingama, kwa hiyo kitanda kililazwa kwa urefu wa gari. Na hapa palitokea mjadala. Vijana walitaka bibi alale kitandani gari likienda. Tukakataa, kwa kuwa aliyelala bila ya mkanda, gari likisimama ghafula, hana kitu cha kumshika. Tulikuwa tumechagua kwa makusudi gari lililokuja na safu ya pili ya viti na mikanda yake kutoka kiwandani. Basi mama hukaa hapo, mgongo umelazwa kidogo na mto chini ya magoti, na kila baada ya saa moja gari husimama, kitanda hukunjuliwa, naye hunyosha mwili wake. Kiti hakiuziki kwa kitanda. Tulimfanyia pia ngazi ya hatua mbili ya kupandia, na pazia nene, na chombo cha haja chenye kifuniko, akawa na sitara yake kama nyumbani.

Jambo moja tunalitilia mkazo, kwani ni la uhai. Usiku wa mwezi wa Juni na Julai milima yetu huwa baridi sana, na watu wamezoea kuingiza jiko la mkaa ndani. Katika gari lililofungwa vioo hilo ni mauti. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala huivuta asiamke. Jiko la mkaa lisiingie garini kabisa. Jiko la gesi lipikiwe nje au mlango ukiwa wazi. Na kioo kimoja kibaki na uwazi usiku kucha. Baridi huzuiliwa kwa blanketi.

Kadhalika tuliyafunga makabati na vitanda kwa bolti, wala hatukuvichomelea. Sababu yake ni mbili. Ya kwanza ni ya serikali: kadi ya gari huandikwa aina yake na idadi ya viti, na mwenye kubadili yampasa aulize kwanza Mamlaka ya Mapato na askari wa usalama barabarani. Ya pili ni ya dini. Katika kitongoji chetu mtu akiugua usiku, gari huwa ni la kila mtu, na Suratul Maun imewatisha wale wanaozuia vyombo vya kusaidiana. Vyote hutoka kwa nusu saa, gari likabaki na godoro moja la kumlaza mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Lushoto, au na sakafu tupu ya kuiweka jeneza. Twakiri kwamba limefanya kazi hiyo mara nyingi zaidi kuliko safari zetu, na hatuoni kuwa ni hasara. Yule aliyechagua gari la fahari, lenye zulia jeupe na vioo vya kupambia, je, moyo wake utamruhusu kumpakia mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa saa nane ya usiku?

Safari ya Pangani ilikwenda kwa siku mbili, mwendo ambao kijana huumaliza kwa siku moja. Tulisoma dua ya kipando, tukashuka Soni kwa gia ya pili, tukalala Korogwe katika uwanja wa msikiti kwa idhini ya imamu, na Sala za rakaa nne tukazifupisha kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri, mama akisali kwa kukaa juu ya kitanda chake. Asubuhi tukapita Segera na Muheza, na kabla ya adhuhuri tukafika. Wale wazee wawili walishikana mikono, wakakaa kimya muda mrefu, kisha wakaanza kuzungumza Kisambaa cha utotoni ambacho hata sisi wengine hatukukifahamu chote. Tulikaa siku nne. Miezi mitatu baadaye khabari ikatujia kwamba mama yetu mdogo amefariki dunia. Innalillahi wainna ilaihi rajiun. Mama yetu alilia, lakini hakujuta. Na baina ya kilio na kilio cha kujuta pana tofauti kubwa.

Basi enyi jamaa na vijana, mkikusudia kununua kipando cha namna hii, waandikeni kwanza watu watakaopanda, mwanzo wao awe ni aliye dhaifu. Kisha iandikeni njia, na mwanzo wake iwe sehemu iliyo mbaya kuliko zote. Kisha tazameni chuma kabla ya rangi, breki kabla ya mapambo, kifaa kinachopatikana karibu kabla ya jina kubwa, na halali kabla ya haraka. Wala msisahau kwamba safari ni sehemu ya adhabu, kama ilivyopokewa kwa Bukhari na Muslim, na msafiri amalizapo haja yake huamrishwa arejee upesi kwa watu wake; nyumba ya safarini isije ikaipokonya nyumba ya nyumbani haki yake. Tunamwomba Mwenyezi Mungu avijaalie vipando vyetu viwe vya kheri, azihifadhi barabara za milima yetu na wanaozipita, awarehemu wazee wetu waliotangulia, na awape waliobaki watoto wa kuwabeba kama walivyobebwa. Amin.